Adabu za Kumuuliza Fundi

Majira ya baridi yanapoingia hapa Uingereza, maswali yanayoulizwa misikitini baada ya sala huwa ya aina mbili. Yako maswali anayoulizwa imamu: ya twahara, ya mirathi, ya talaka. Na yako maswali anayoulizwa ndugu yetu fundi wa gesi, ikiwa jamaa wa msikiti wamejaaliwa kuwa naye: boila limezima, nyumba haipati joto, maji ya moto hayatoki, na ndani yumo mtoto mchanga. Maswali yote hayo ni ya haki. Imamu na fundi huulizwa kwa sababu moja, nayo ni kwamba wanajua jambo asilolijua muulizaji.

Lakini ukitazama namna wanavyoulizwa, utaona tofauti kubwa. Imamu hungojwa amalize nyiradi zake, husalimiwa, huitwa shekhe, na husikilizwa mpaka mwisho wa maneno yake. Fundi hushikwa mkono huku akitafuta viatu vyake, hutakiwa ajibu papo hapo, na akishajibu huambiwa amekosea, ama kwa kuwa jirani amesema vinginevyo, ama kwa kuwa iko video katika intaneti inayoonyesha kwamba kazi hiyo ni ya dakika kumi. Akikataa kujibu, huambiwa ana choyo na elimu yake. Akitaja bei, huambiwa hana udugu.

Ndugu wasomaji, tunasema katika makala haya kwamba adabu tunayoidai kwa mwenye kuuliza mambo ya dini humstahiki fundi vilevile. Na tunasema zaidi ya hapo: kumdharau fundi wa gesi ni ila ya tabia, na tena ni jambo linaloweza kuwaua watu wakiwa vitandani mwao.

Sisi na elimu ya baridi

Wengi wetu, au wazazi wetu, tumetoka Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na Barawa. Nyumba za huko zilijengwa ili kuliondoa joto, si kulihifadhi: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za juu, madirisha ya kupitisha upepo. Hakuna mtu wa Pwani aliyerithi kwa babu yake elimu ya kuipasha nyumba moto. Wenzetu waliotoka Njombe, Makete au Limuru wanaijua baridi, nao wanalijua jiko la mkaa, na wanajua pia habari za familia zilizolala na jiko hilo chumbani milango ikiwa imefungwa, kisha asubuhi hazikuamka.

Kwa hiyo kutojua kwetu habari za boila si aibu. Kuuliza si ujinga, wamesema wahenga. Aibu ni kutojua, kisha kumfundisha kazi anayejua.

Mfumo wenyewe, kwa ufupi, ni huu. Boila huchoma gesi na kuyapasha maji moto. Pampu huyasukuma maji hayo katika mabomba mpaka kwenye vile vyombo vya chuma vya ukutani, ambavyo wengi wetu huviita rejeta kwa kuvifananisha na rejeta za magari. Maji yakishaacha joto lake chumbani hurudi kwenye boila kupashwa tena. Moshi wa gesi iliyoungua hutolewa nje ya nyumba kwa dohani yake maalumu.

Hatari iko katika huo moshi. Gesi inapoungua bila hewa ya kutosha, au dohani inapoziba au kupasuka, hutokea hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mtu akiivuta, huungana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kubeba pumzi ya uhai. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Mtu hudhani ameshikwa na mafua, ila hana homa, na akitoka nje hupata nafuu. Akirudi ndani kulala, huenda huo ukawa usingizi wake wa mwisho.

Mwezi Oktoba 2006, watoto wawili ndugu kutoka Uingereza walifariki kwa sumu hiyo katika kisiwa cha Corfu, Ugiriki, walipokuwa mapumzikoni na baba yao. Chanzo kilikuwa boila bovu lililokuwa nje tu ya ukuta wa chumba walicholala. Uchunguzi wa vifo hivyo, uliokamilika Uingereza mwaka 2015, ulisikia kwamba kifaa cha usalama ambacho kingelizima boila hilo kilikuwa kimeungwa njia ya mkato kisifanye kazi. Tuzingatie hapo. Kifaa kilikuwepo. Aliyekibuni alijua kazi yake, na alikiweka ili kiseme "basi" pale hatari inapofika. Akatokea mtu aliyeona kwamba "basi" hiyo ni usumbufu, akainyamazisha. Na huyo ndiye ndugu wa kila mtu anayemwambia fundi: "Wewe liwashe tu, mengine tutaona."

Fundi ni nani?

Lugha zetu zilimheshimu fundi kabla yetu. Neno fundi ni la ukoo mmoja na kufunda, kufundisha, funzo na mwanafunzi. Kwa ndugu zetu wa Komoro, mwalimu wa dini mwenyewe huitwa fundi, nalo ni jina la heshima. Katika Misri, fundi seremala au fundi wa magari huitwa "usta", neno lililo na asili moja na hilo la ustadhi ambalo sisi humwita mwalimu wa madrasa. Na katika Morocco bingwa wa kuchonga au wa kuweka vigae huitwa "maalim", yaani mwalimu. Watu wa kale hawakuona haja ya kuwa na majina mawili, kwa kuwa waliona jambo moja: mtu aliyekaa miaka mingi mbele ya mwalimu wake mpaka mkono wake ukajua.

Historia ya wanazuoni nayo inashuhudia. Abu Bakr al-Khassaf, aliyefariki mwaka 261 Hijria, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha hukumu za wakfu, alikula kwa kazi ya kushona viatu, na jina lake lina maana hiyo. Al-Qaffal wa Marw, aliyefariki mwaka 417 Hijria, ni katika maimamu wakubwa wa madhehebu ya Shafi ambayo watu wa Pwani wanayafuata. Jina lake maana yake ni fundi makufuli, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka alipofikia umri wa miaka kama 30, ndipo akaingia katika elimu ya fiqhi. Hatujasoma popote kwamba alisitiriwa jina hilo baada ya kuwa imamu. Alizikwa nalo.

Adabu tano

Wanazuoni wetu waliandika vitabu juu ya adabu za mwenye kutoa fatwa na mwenye kuiomba. Katika vinavyojulikana sana ni kile cha Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria. Mwanafunzi yeyote aliyepita katika vyuo vya Kiarabu anayafahamu mafunzo hayo. Sisi tunaona kwamba yanaweza kuchukuliwa kama yalivyo na kuwekwa baina ya mwenye nyumba na fundi wake.

Ya kwanza ni kuchunga wakati wa mwulizwa. Mufti haulizwi akiwa amesimama njiani, au ana haraka, au ana huzuni. Fundi naye, katika mwezi wa Desemba na Januari, pengine ametoka kazini saa nne ya usiku na ataondoka tena alfajiri. Mwulize kwanza: "Fundi, una nafasi? Nikupigie lini?" Maneno haya hayagharimu kitu.

Ya pili ni kusema kweli yote. Jibu la mufti hufuata swali. Ukimficha jambo moja la talaka yako, fatwa utakayopata si yako. Hali kadhalika fundi. Mwambie jina na toleo la boila, umri wake, tarakimu za hitilafu zinazoonekana katika kioo chake, na nini kilitangulia kabla ya kuharibika. Na kubwa kuliko yote, mwambie nani amekwisha kuligusa. Ikiwa shemeji yako alilifungua juzi kwa bisibisi, fundi ana haki ya kulijua hilo kabla hajaweka uso wake mbele yake.

Ya tatu ni kulikubali neno "sijui mpaka nione". Mwanachuoni anayesema hajui hatumwiti mjinga, bali tunamsifu kwa uchaji wake. Mbona fundi akisema hivyo twamnung'unikia? Rejeta ikiwa baridi upande wa juu, huenda imeingiwa na hewa. Ikiwa baridi upande wa chini katikati, huenda imejaa matope meusi yatokanayo na kutu. Ikiwa baridi yote, pengine koki yake imekwama, au maji yote yanakimbilia rejeta nyingine. Presha ikishuka kila siku, pengine bomba linavuja chini ya sakafu, na pengine ni chombo kilicho ndani ya boila lenyewe. Dalili moja ina sababu nyingi, na fundi mkweli hawezi kuitambua kwa kuhadithiwa mlangoni mwa msikiti.

Ya nne ni kutotafuta jibu tulipendalo. Wako watu waendao kwa mufti wa kwanza, wa pili na wa tatu, na hawatulii mpaka wampate atakayehalalisha walichokwisha kukiamua. Wanazuoni wamelikemea hilo. Na wako wenzetu ambao fundi wa kwanza akiwaambia "boila hili ni la hatari, nalizima," humtafuta wa pili wa kuliwasha. Kupata rai ya fundi mwingine ni haki ya mwenye mali. Kumficha yule wa pili alilosema wa kwanza ni kumtega, na ni kuwatega watoto walio ndani.

Ya tano ni ujira. Fundi aliyekuja nyumbani kwako, akakagua kwa saa nzima na kukwambia kwamba kinachotakiwa ni kuzungusha koki moja, hakulipwi kwa ile koki. Analipwa kwa kuijua. Mafunzo juu ya kutomcheleweshea mfanyakazi ujira wake anayajua kila mtoto wa madrasa, wala hayana kifungu kinachomtoa fundi wa msikitini kwetu. Aidha, bei iulizwe kabla ya kazi, iandikwe, na ilipwe baada ya kazi. Kupunguza deni kwa maneno ya udugu baada ya kazi kwisha si biashara wala si udugu.

"Mafundi wanatudanganya"

Hapana budi tulijibu na hili, kwa sababu husemwa sana na halikosi ukweli. Wako mafundi wanaobadilisha kitu kizima ili walipwe zaidi, na wako wanaojiita mafundi wa gesi na si mafundi wa gesi. Lakini dawa ya fundi mwongo ni kuhakikisha, na sheria ya nchi hii imetupa njia. Kwa mujibu wa kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998, kila afanyaye kazi ya gesi kwa malipo lazima awe amesajiliwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2009 daftari la mafundi hao ni Gas Safe Register, lililochukua nafasi ya CORGI. Kila fundi aliyesajiliwa ana kitambulisho chenye picha, namba na tarehe ya kumalizika, na nyuma yake zimeandikwa aina za kazi alizofuzu. Mwombe akuonyeshe. Fundi mkweli haoni haya kukitoa, na kumwomba si kumvunjia heshima. Kazi ikiwa kubwa, chukua makadirio ya maandishi kwa mafundi wawili au watatu, kisha uchague.

Anayeacha njia hiyo akamchukua kijana asiye na usajili kwa kuwa anafanya kwa nusu ya bei, amekwisha kuambiwa na wazee wa Pwani kwamba rahisi huvunja upishi. Tangu bei za gesi zilipopanda sana katika mwaka 2021 na 2022, kishawishi hicho kimekuwa kikubwa, na tunaijua dhiki ya familia zetu. Hata hivyo dhiki haiifanyi kaboni monoksidi kuwa na huruma. Na yeyote asithubutu, kwa kukwepa gharama, kuingiza ndani jiko la mkaa la kuchomea nyama.

Liko jambo zito zaidi. Mwenye kupangisha nyumba yenye gesi analazimika kuvikaguza vyombo vyake kila mwaka, na kumpa mpangaji nakala ya cheti ndani ya siku 28. Wako wenye nyumba wanaomwendea fundi ndugu yao wakamwambia: "Niandikie tu hicho cheti, nyumba unaijua." Ewe ndugu, cheti ni ushahidi. Humwambii rafiki yako ashuhudie ndoa ambayo hakuihudhuria. Vipi unamwomba ashuhudie moto ambao hakuuona, naye mpangaji na wanawe watalala wakiutegemea ushahidi huo? Fundi akikataa, amekuokoa wewe kabla ya kujiokoa mwenyewe.

Msikiti nao

Kamati za misikiti hazimo nje ya maneno haya. Fundi anapojitolea mwenyewe kuutengenezea msikiti, hiyo ni sadaka yake na malipo yake yanajulikana yaliko. Ama kumtangaza kwenye kipaza sauti kwamba atafanya kazi bure kabla hajaulizwa, huko ni kumchukulia mali yake kwa kumwonea haya. Tena ifahamike kwamba fundi aliyefuzu maboila ya majumbani si lazima awe amefuzu maboila makubwa. Mpaka kati yake ni kilowati 70. Msikiti mkubwa wenye boila linalozidi hapo unahitaji fundi mwenye ruhusa hiyo, na ndugu yetu akisema "hili siliwezi," kamati imshukuru na itafute mwingine.

Yaliyo juu yetu

Hatusemi kwamba mwenye nyumba akae mikono kifuani. Yako mambo ambayo ni ya kwake, na fundi hufurahi akikuta yamekwisha kufanywa. Tazama kama mita ya kulipia kabla ina salio. Tazama saa na themostati. Tazama kipimo cha presha. Katika maboila mengi ya nyumbani, mfumo ukiwa umepoa, huwa kati ya 1 na 1.5. Toa hewa katika rejeta kwa ule ufunguo mdogo, zikiwa zimepoa. Katika baridi kali, bomba jembamba la plastiki linalomwaga maji ya boila nje ya nyumba huweza kuganda, na dawa yake ni kulimiminia maji ya vuguvugu, si ya kuchemka. Ama kufungua kifuniko cha boila, kugusa bomba la gesi au dohani, hayo yana wenyewe.

Kila nyumba iwe na king'ora cha kaboni monoksidi. Kwa nyumba za kupanga England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022 mwenye nyumba anawajibika kukiweka katika chumba chenye boila. Ukiona moto wa gesi umekuwa wa manjano badala ya buluu, au masizi pembeni ya boila, au watu wote wa nyumba wanaumwa na kichwa kwa pamoja, zima, fungua madirisha, toka nje na piga simu ya dharura ya gesi, 0800 111 999, isiyo na malipo usiku na mchana. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa. Hapo si pahala pa kungoja fundi wa msikitini, wala pa kuona haya kuwasumbua watu.

Mwisho, tunawausia wazazi. Wengi wetu twatamani watoto wetu wawe madaktari na mawakili, na hilo ni jema. Lakini kijana anayechagua kujifunza ufundi wa gesi au wa umeme asiambiwe kwamba amefeli. Atakapofuzu, atakuwa katika wanaoaminiwa roho za watu wakiwa usingizini, na ni wachache wenye amana kama hiyo. Na Ijumaa ijayo, ukimkuta fundi wetu mlangoni, anza kwa salamu, umuulize hali yake na ya watu wake, kisha umuulize ni lini atakuwa na nafasi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo, na awabariki mafundi wetu katika mikono yao.